Muuaji Likizoni, Mama Jikoni

Sehemu ya kwanza ya sinema ile hakuna mtu wa Kitale aliyewahi kuiona. Ilikuja ya pili peke yake, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni pamoja na sinema za karate na CD moja ya mahubiri, na mwenye nyumba ya video akaichukua kwa sababu kwenye jalada kulikuwa na mwanamume mwenye bastola mkono wa kulia na mtoto mkono wa kushoto. Alisema picha ya namna hiyo haiwezi kuwa mbaya. Hivyo ndivyo sinema zilivyochaguliwa mjini kwetu miaka hiyo, na sijaona njia bora tangu wakati huo.

Ilikuwa hadithi ya muuaji wa kukodiwa aliyechoka. Mke wake alikuwa amemwambia kwamba watoto wameanza kusahau sura yake, kwa hiyo akawapeleka likizo kwenye hoteli ya milimani penye theluji: yeye, mke, watoto wawili na mama mkwe. Wote waliamini kwamba anauza friji. Kumbe watu ambao hakufaulu kuwaua katika sehemu ya kwanza walikuwa wamefika hotelini kabla yake, ikambidi awamalize mmoja mmoja, kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, bila familia kujua. Mmoja alimpiga kwa pasi katika chumba cha kufulia, mwingine kwa samaki aliyeganda, kisha anarudi mezani na plasta usoni na kusema ameteleza bafuni. Mtu yule aliteleza bafuni sinema nzima.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Kibanda changu kiliegemea ukuta wa mabati wa nyumba ile ya video, nyuma ya soko, na mwaka ukielekea kwisha nilishona sare za shule huku sinema zikipita sikioni. Nilizisikia kabla sijaziona. Nyakati hizo sinema ya Kizungu haikuachwa iseme yenyewe. Kulikuwa na DJ aliyekaa kando ya televisheni na maikrofoni, akapunguza sauti ya Kiingereza na kusema kwa Kiswahili yote yaliyokuwa yakitendeka: wanaume, wanawake, mbwa, hata gari lililokataa kuwaka. Kwa miezi mingi niliijua sauti ile bila kumjua mwenyewe. Siku nilipomwona nilisikitika kidogo, maana nilikuwa nimetarajia mtu mrefu.

Sitaeleza jinsi tulivyopendana kwa sababu hakuna cha kueleza. Alileta suruali nimbadilishie zipu, akakaa kuisubiri, akaanza kusema. Hakuweza kuvumilia kimya. Hiyo ilikuwa kanuni ya kazi yake: ukumbi ukinyamaza watu huanza kukohoa, na wakishakohoa huanza kutazama mlango. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la nane, nao watu wa sinema ile walisemea puani, basi pale asipoelewa alitazama sura zao na kuwapa maneno yanayowafaa. Mara nyingi yalikuwa mazuri kuliko yao. Milima ya theluji alisema ni Elgon, kule juu ukipita Endebess, na hoteli ni ya mbunge aliyeshindwa uchaguzi. Na kwa kuwa wateja hawakukubali kuanzia hadithi katikati, alianza kila mara kwa kuwasimulia sehemu ya kwanza, ambayo hata yeye hakuiona, na kila siku ilikuwa tofauti. Walikuwepo watu waliokuja kwa ajili ya kubishana naye tu.

Aliposema anataka kunioa nilimwambia lazima twende kwetu, ng'ambo kidogo ya Chwele, baba amwone na kusema neno. Nilimwambia pia jambo lingine ambalo hakulipenda: kwamba baba akikataa, imekwisha. Mimi si mtu wa kutoroka. Kuna wanawake wanaoweza kuolewa huku wazazi wao wamenuna na bado wakalala usingizi, nami nawaheshimu, lakini sikuumbwa hivyo. Baba akikataa ningerudi Kitale nishone sare na kumsikia nyuma ya mabati mpaka nizeeke, na tayari nilikuwa nikijiona hivyo, na miwani.

Ilibaki kumfundisha mila. Watu wake walitoka Mkoa wa Kati zamani wakanunua shamba Trans-Nzoia, na kwao mama mkwe hukumbatiwa, huulizwa habari za magoti na huongezwa chai. Kwetu haiwezekani. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani kila mmoja hushika upande wake na kutazama pengine, mpaka ifike siku ya zawadi ambapo wazee huwafungulia njia. Wageni hudhani ni chuki. Ni heshima, ila ni heshima ya kukimbiana.

Nilimweleza tukiwa bado Kitale. Nikamweleza tena tulipopita Kiminini, na tuliposhuka Bungoma kununua mkate na blanketi la baba nikamweleza upya, mbele ya mwenye duka, ambaye aliunga mkono kila neno. DJ akasema nisimchoshe, ameelewa, ni rahisi sana: akiona mama mzee anakuja, atampisha.

Mpango huo ulisikika vizuri kabisa. Kasoro yake ni kwamba mama alinizaa akiwa msichana, na alikuwa mwembamba, mwepesi wa mwendo, mtu ambaye walimu wapya walimwita dada. Mzee wa boma letu alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye meno ya mbele yalikuwa yamekwenda na alitembea na fimbo. Shangazi kwetu ndiye mwenye kumpokea mkwe. Ndiye humshika mkono, humtania, humchunguza, kisha hupeleka habari kwa wengine. Siku hiyo alikuwa amejipaka mafuta na kuvaa kitambaa kipya kwa ajili hiyo tu.

Alitukuta kwenye njia ya katikati ya mashamba ya miwa, mikono imenyooshwa mbele, akipiga vigelegele. DJ alimtazama mara moja, akaruka mtaro, akaingia kwenye miwa na kusimama huko akitupa mgongo, na blanketi la baba begani.

Vigelegele vilikatika. Shangazi aliuliza kama kijana ana shida ya macho au ya kichwa. Nikaanza kueleza. Nikaona njia rahisi ni kumwita atoke, lakini alitikisa kichwa bila kugeuka, mtu mwenye adabu zake. Shangazi akasema yeye amekuja kusalimia mtu, hakuja kusalimia mgongo, akageuka kurudi, na mimi nikamfuata nikimbembeleza. Hivyo ndivyo DJ alivyobaki peke yake.

Yaliyofuata niliyaona kwa mbali. Alitoka kwenye miwa akijikung'uta, ameridhika, mtihani ameushinda. Upande wa kisima akatokea mwanamke mwembamba na ndoo ya maji kichwani. DJ, ambaye mama yake alimlea vizuri, alikwenda akampokea ile ndoo kwa mkono mmoja na kumpa mkono wa pili. Alimwambia, nilikuja kujua baadaye, "Sasa dada. Pole na kazi." Na kwa sababu mtu hawezi kukimbia huku ndoo yake ikiwa imeshikwa juu ya kichwa chake, mama alisimama pale mkono wake ukitikiswa, macho chini, mpaka ndoo ilipotoka. Kisha akaingia kwenye miwa na kutokea upande wa pili, kwa jirani. DJ alitufikia na maji yakimwagikia viatuni, akaniambia watu wa huku ni wapole lakini wana aibu sana.

Sikuwahi kupata hasira kama ile. Nilikosa wa kumkasirikia, maana kila mtu alikuwa ametenda heshima kwa nguvu zake zote.

Baba alipewa habari na shangazi, ambaye hakuacha kitu. Hakupaza sauti. Aliagiza kiti kiletwe sebuleni, akamkalisha DJ mbele yake, akamtazama kwa muda kwa jinsi alivyotazama ng'ombe. Baba alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Chwele. Alisimama kati ya muuzaji na mnunuzi, akimsemea huyu kwa yule na yule kwa huyu, na siku ya soko sauti yake ilisikika kabla hujawaona mbuzi.

"Wewe ndiye ule wa kuongea ndani ya televisheni," akasema.

"Kando yake, mzee."

"Na hao watu wa televisheni hawana midomo?"

"Wanayo, mzee. Lakini inasema Kiingereza."

Baba alifikiri jambo hilo. Akasema basi hiyo ni kazi ya mdomo, na yeye hajawahi kuona mdomo ukilisha nyumba. Hayo aliyasema mtu aliyetusomesha wote kwa mdomo, na nilikuwa karibu kumkumbusha, lakini shangazi alinikanyaga mguu. Akaendelea kwamba aliyekosewa leo ni mama wa nyumba hii, ambaye ameshikwa mkono njiani mchana kweupe na mtu asiyemjua. Alisema yeye mwenyewe hawezi kusema ndiyo wala hapana akiwa na moyo wa namna hiyo. Atatoa jibu kabla hatujaondoka jioni. Alipomaliza alinyamaza, naye akinyamaza hakuna wa kumfungulia mazungumzo.

Mama alikuwa amerudi kwa kupitia nyuma na kujifungia jikoni. Jiko letu lilikuwa nyumba ndogo peke yake, kando kabisa ya sebule, dirisha likitazamana na dirisha. Nilimpelekea maneno ya kumtuliza. Alikuwa akichambua mchele na hakuinua uso. Hakuwa na hasira hata kidogo, ilikuwa aibu, na aibu ya mama ilikuwa kitu kizito kuliko hasira za watu wengine. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mkono wake ulikuwa na maji kijana alipoushika. Nikasema sijui.

Basi tukakaa sebuleni. Mvua isiyo ya msimu wake ikaanza, barabara ikawa tope, pikapu tuliyoahidiwa haikuonekana. Baba alitazama mlango. Shangazi alitazama viatu vya DJ. Na DJ, mtu ambaye kimya kilikuwa adui wa riziki yake, alikaa mikono magotini akijizuia, nikaona shingo yake inatoka jasho. Watoto wa ndugu zangu, ambao hawajui kukaa na huzuni ya watu wazima, walikuwa wamekwisha kulifungua begi lake. Ndani walikuta mashine ya CD, ambayo mwenye nyumba ya video alimpa aitunze Krismasi nzima, na juu yake sinema ya mtu mwenye bastola na mtoto.

Baba alikuwa na televisheni. Ilikaa chini ya kitambaa cha kufuma, ikiendeshwa na betri ya gari kupitia inveta, na ilifunuliwa wakati wa habari tu. Watoto walipoomba nilijua atakataa. Akakubali. Nadhani aliona kwamba watu wakitazama sinema hawalazimiki kuzungumza na mgeni.

DJ alianza vibaya. Hakuwa na maikrofoni wala giza, na baba yangu alikuwa ameketi kwa umbali wa mkono. Alisimulia sehemu ya kwanza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi. Katika sehemu ya kwanza ya siku hiyo muuaji alikuwa kijana maskini aliyefanya kazi kwa tajiri wa ng'ombe, tajiri mkali lakini wa haki, aliyependwa soko zima. Nilimtazama. Hakunitazama. Baba alikohoa.

Ilipofika mahali ambapo muuaji na mkewe wanabusiana mlangoni mwa hoteli, na wanabusiana kwa muda, kwa sababu ni likizo, kila mtu sebuleni aligundua kitu cha kutazama dirishani. Kule Kitale, DJ hapo alikuwa na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Siku hiyo alisema, "Hapa wanasalimiana, kwa mila yao."

"Salamu ndefu," baba akasema.

Ndipo kicheko kikasikika. Hakikutoka sebuleni. Kilitoka jikoni, kifupi, kimezibwa na kiganja, halafu kikaponyoka tena. Mvua ilikuwa imepungua na madirisha yote mawili yalikuwa wazi. Sote tulikisikia na sote tukajifanya hatukusikia, isipokuwa shangazi, aliyeinuka bila kuaga na kwenda kusimama mlangoni, katikati ya nyumba hizo mbili.

DJ akafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya. Aligeuza kiti chake. Alikisogeza karibu na dirisha akakaa upande upande, jicho moja kwenye televisheni, mdomo kuelekea jikoni, bila kuangalia nje hata kidogo, na kuanzia hapo alisimulia kila kitu. Sisi tulikuwa na macho. Alikuwa akimsimulia mtu asiyeona televisheni. Alisema theluji imerundikana kwenye madirisha kama unga wa posho mil pale mahindi yanaposagwa. Alisema nyuma ya mlango wa kushoto kuna mtu mnene mwenye masharubu na kisu, na muuaji hajui, anapiga mluzi, ameshika taulo. Watoto walilalamika kwamba anawaambia wanachokiona. Shangazi akawaambia wanyamaze, mjomba anafanya kazi.

Akawa mwenyewe. Sauti ikarudi, ile niliyoishi nayo nyuma ya mabati, na nikajikuta nimefumba macho. Alipiga watu kwa pasi. Alianguka ngazi. Alikuwa mtoto mdogo anayeuliza kwa nini baba anateleza sana bafuni, akawa mke anayeanza kutilia shaka, akawa samaki. Jikoni mama alicheka bila kiganja. Nikajua kwamba amekaa chini karibu na dirisha, maana sauti yake ilitoka pale palipo na kile kigoda chake.

Mama mkwe wa sinema ile, kule Kitale, alikuwa kichekesho. DJ alimpa sauti ya mbuzi na alimfanya mwanamke wa kulalamikia supu, na ukumbi ulimpenda hivyo. Siku hiyo mbuzi hakusikika. Alikuwa mama mtulivu, mwenye macho ya kuona mbali, ambaye peke yake katika familia nzima alishangaa muuza friji gani asiyepigiwa simu na mtu yeyote kuhusu friji.

Shangazi alileta ujumbe. "Anauliza huyo mama mkwe amevaa nini kwa hiyo balidi."

"Mwambie koti zito la manyoya, shangazi. Na leso kichwani."

Hakukuwa na leso yoyote. Shangazi, aliyekuwa akiitazama televisheni moja kwa moja, aligeukia jikoni na kusema ndiyo, leso, ya kijani.

Basi majambazi wakamchukua mama mkwe. Walimpandisha kwenye kile kijumba kinachoning'inia kwenye waya kati ya mlima na mlima, na muuaji akamfuata juu ya paa lake, na huko angani, mbele ya macho ya mama wa mke wake, ikambidi apigane wazi. Hakukuwa na bafu la kusingizia. Walipomalizika wote alibaki amesimama, damu kwenye shati la likizo, na mama mkwe akamtazama na kuelewa yote. Walirudi hotelini bila kusema. Familia ilikuwa mezani. Mke aliinuka. Mama mkwe akafungua mdomo.

Picha ikajikunja, ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha.

Watoto walianza kupiga kelele na baba akainua kidole. Kwa sababu DJ hakuwa ameacha kusimulia. Sijui hata kama alijua mara moja, maana alikuwa ameelekea dirishani, lakini baada ya muda mfupi lazima alijua, kwani kioo kilikuwa cheusi na sote tulionekana ndani yake. Aliendelea. Alisema mama mkwe amevua leso, ameiweka mezani. Alisema mke analia lakini hajaondoka. Jikoni mama hakuweza kujua. Huko sinema ilikuwa ikiendelea vizuri.

Baba alitazama televisheni iliyokufa, akamtazama DJ, akatazama televisheni tena. Nilisubiri amkatize. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono yote miwili, na nitasema ukweli, niliomba Mungu, kwa ajili ya sinema. Baba akainama mbele.

"Na mzee wa huyo mama," akauliza kwa sauti ya chini, "yeye ako wapi siku hii yote?"

Katika sinema ile hapakuwa na baba mkwe. Sikuwahi kumwona wala kumsikia.

"Anafika sasa hivi, mzee," DJ akasema. "Barabara ilikuwa mbaya. Amekuja na trekta."

Baba akaegemea kiti. Yule mzee alishuka kwenye trekta, akakung'uta theluji kwenye buti, akaingia mezani na kutaka kuelezwa kila kitu tangu mwanzo, na akaelezwa. Aliuliza maswali ya busara. Baba alikuwa akitikisa kichwa kukubaliana nayo kabla hayajaisha kusemwa. Nilijua mwisho halisi wa sinema ile, nilikuwa nimeusikia kupitia mabati zaidi ya nilivyotaka. Mke huwachukua watoto na mama yake, wanaingia garini, na muuaji hubaki peke yake kwenye theluji mbele ya hoteli, mabegi ya likizo miguuni. Kitale watu walitoka hapo wakiwa wamenyamaza.

Shangazi alirudi mlangoni. Safari hii hakuwa na mzaha usoni.

"Anauliza," akasema, "wakishajua kazi yake, walimfukuza?"

DJ alifungua mdomo. Nilimjua, nikajua kwamba jibu analo, kwamba anaweza kuwakumbatisha wote na kuwapandisha trekta. Lingekuwa jambo la sekunde. Alinitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuketi. Kisha akatazama mikono yake.

"Mwambie sijui," akasema. "Mwambie betri ilikwisha kitambo. Haya mengine nilikuwa naongea tu. Hapo sasa siwezi kumwambia mama uongo."

Shangazi hakuhitaji kupeleka ujumbe, madirisha yalikuwa wazi. Nilisikia matone yakianguka kutoka kwenye mabati. Nilimsikia mama akisimama, kile kigoda kikigonga ukuta. Nilitegemea mlango wa jikoni ufunguliwe na yeye aende zake kwa jirani, na nilianza kuifikiria njia ya kurudi Kitale, na kile kibanda.

Hakutoka. Alisogea dirishani, upande ambao hawezi kuonekana, na akasema kwa sauti ambayo haikumhitaji mtu wa kuibeba.

"Mwambieni hawakumfukuza."

Baba alitazama dirisha lile. Sidhani kama mama aliwahi kumtangulia kutoa neno katika boma lile, wala sidhani kama alikuwa amewahi kutaka. Kisha akamgeukia DJ.

"Umesikia jibu mwenyewe," akamwambia.

DJ alijaribu kusema, midomo ikacheza, hakuna kilichotoka. Nikaanza kulia mbele ya baba yangu na shangazi na watoto wote, kwa sauti, bila aibu, na kutoka jikoni mama akauliza sasa huyo anayelia ni nani katika hao watu wa sinema.